Uma wa Mwalimu Umetiwa Tupa

"Umeutia tupa," mke wa fundi alisema. "Nitazame usoni uniambie hujautia tupa."

"Wewe ndiye hugeuki," fundi akajibu.

Kweli hakuweza kugeuka. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwa mdogo wake, msusi, aliyekuwa amefika kwenye nusu ya kazi: upande mmoja wa nywele umelala kwa mistari ya kupendeza, upande wa pili umesimama kama umesikia habari mbaya. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso umeelekea ukutani, kwa hiyo ugomvi wote alikuwa anaupigana na ukuta, na ukuta ulishaanza kuonekana una makosa.

"Sijautia tupa," fundi akasema. "Nimeusahihisha."

"Kitu cha mtu hakisahihishwi. Kitu cha mtu kinarudishwa kama kilivyokuja."

"Kilikuja kibovu."

"Shemeji," msusi akadakia, kitana mdomoni, "mimi nakutetea kwa mengi, lakini kwa hili ninyamaze kidogo, halafu nitakutetea."

Uma wenyewe haukuwa wa kulia chakula. Ulikuwa chuma cha kutosha kiganja, chenye meno mawili na kishikio kifupi, kile ambacho walimu wa muziki hukigonga gotini kisha wakakisogeza sikioni, kikatoa sauti moja tu, ileile, ya jana na ya kesho. Mwalimu wa bendi alimwazima fundi akalizoeshe sikio lake. Alasiri hiyo alikuwa anakuja kuuchukua, na kumsikiliza fundi akiimba noti za kwenye karatasi kwa mara ya mwisho. Akiziimba sawa, gitaa la mbele linabaki lake, kama lilivyokuwa tangu bendi izaliwe. Akikosea, linakwenda kwa kinyozi, mwenzake katika bendi.

Na kinyozi huyo, tuseme ukweli, alipiga gitaa kama mtu anayejikuna kidonda: anaanza kwa raha, anamaliza kwa maumivu. Lakini karatasi alikuwa anaisoma. Ukimwekea noti mbele anaziimba zote bila kusita, kama mtu anayesoma tangazo ukutani, na mwalimu alikuwa ametoa sheria yake mapema: asiyeweza kuiimba noti kwa mdomo, mkono wake hautaipiga katika bendi hii.

Mtaani walimwita Fundi Baridi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa karakana. Mafriji yalisimama humo kama wageni waliokosa viti, mengine hayana milango, mengine yana milango ya wenzao, na kompresa zilizofunguliwa zililala chini juu ya magunia. Katikati ya yote palikuwa na friji moja lililokuwa jeupe zamani na sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mvutaji. Hilo ndilo friji la kwanza kulitengeneza maishani. Mwenyewe alilileta akisema anarudi kesho, hakurudi tena. Wengine walisema alihama, wengine walisema aliganda. Mke wa fundi akalifanya lake, akauzia humo barafu na maji ya baridi.

Friji hilo lilinguruma. Lilinguruma hivi kwamba mijusi ya ukutani ilitikisa vichwa kufuata mapigo yake, na kuku wa jirani wakipita karibu walitaga kabla hawajajiandaa. Mgeni akiketi hapo na kikombe cha chai hakuhitaji kijiko. Sukari ilijikoroga yenyewe. Na katika miaka yote hiyo, ngurumo yake haikupanda wala haikushuka hata kwa upana wa unywele.

Fundi alijifunza gitaa humohumo, kijana bado, kwa gitaa la mbao za sanduku lenye waya za breki za baiskeli. Alifuata redio. Hakuwa na mtu wa kumwambia uzi wa kwanza ukazwe mpaka wapi, kwa hiyo akaliuliza friji. Friji likasema mmm. Akakaza uzi mpaka nao ukasema mmm. Sauti hiyo akaiita do, na ikawa ndiyo do ya dunia nzima.

Bendi ilipoanzishwa, wote wakakaza nyuzi zao kwa do ya fundi, maana ndiye aliyekuwa nayo. Siku ya mazoezi alisimama mbele ya friji, akaivuta do kifuani, akafunga mdomo, akaondoka nayo akiiguna puani mpaka kwenye ghala la mbao walikokutania. Njiani hakusalimia mtu, kwani angefungua mdomo do ingemwagika. Watu wakasema ana majivuno. Siku moja kwenye kona ya duka la vioo alikutana uso kwa uso na mama mkwe wake. Alipaswa kutoa shikamoo, akatoa mmm, akapita. Mama yule alinuna mpaka msimu ukabadilika, na alipokuja kununua barafu kwa bintiye alisimama nje, akapokelea dirishani.

Mambo yakaenda hivyo na yakaenda vizuri. Watu walicheza, mabibi harusi walilia inavyotakiwa, na hakuna aliyejua kwamba bendi nzima, besi na magitaa na waimbaji wote, ilikuwa imekazwa kwa friji lisilo na mwenyewe.

Kisha akaja mwalimu, na mwalimu akaja na kinanda.

Kinanda hakina nyuzi za kukazwa. Kinasema kinachosema, upende usipende. Siku ya kwanza walipopiga pamoja ilisikika kama mlango wa bati umefungwa juu ya mkia wa paka. Wote wakamtazama mgeni.

"Kinanda chako kimelegea," fundi akamwambia kwa upole, kwa sauti ileile anayomwambia nayo mteja kwamba gesi imekwisha.

"Kinanda hakilegei," mwalimu akasema.

"Basi kimekaza."

Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, hakucheka. Alitoa uma mkobani, akaugonga, akamsikilizisha kila mmoja. Wanabendi wengine walikaza nyuzi zao upya, wakaendelea na maisha. Fundi naye akakaza. Vidole vilikubali bila taabu. Koo ndilo lililokataa.

"Do haina kwao," mwalimu alimweleza. "Do ni pale utakapoiweka. Ukishaiweka, nyingine zinajipanga kuanzia hapo. Ni kama kuhama. Meza inakaa karibu na kiti, kitanda kinakaa karibu na ukuta, ingawa nyumba ni nyingine."

Fundi aliyaelewa maneno hayo vizuri kabisa, na hayakumsaidia kitu. Mwalimu alimwekea do mahali, akamwonyesha karatasi, akasema soma. Fundi akaanza: do, re, mi, akipanda ngazi za watu kwa adabu. Akifika fa, sauti inakumbuka njia ya nyumbani. Akifika so, tayari ameshaingia karakanani, amevua viatu, yuko na friji lake. Mwalimu anabonyeza kinanda kumwonyesha alipopaswa kuwa, na pengo lililokuwapo baina yao hata kiziwi angelisikia.

Halafu vidole. Mwalimu aligundua kwamba fundi hawezi kuimba noti pasipo kidole kuibonyeza mahali. Mikono ikiwa hewani anabonyeza hewa. Ikiwa mfukoni, suruali inacheza yenyewe. Nyumbani mkewe alikuwa anaamka asubuhi mkono una alama za vidole vya mumewe, do mpaka ti. Mwalimu akamwambia aikalie mikono yake. Akaikalia, mtu mzima mwenye mvi, kama mtoto aliyekatazwa sukari, mbele ya mpiga besi na mpiga ngoma na kinyozi, na safari hiyo sauti haikutoka kabisa. Kinyozi akatazama dari kwa huruma. Ile huruma ndiyo ilimuuma fundi kuliko kicheko.

Maana hayo masikio yalikuwa na sifa zake. Fundi Baridi aliweza kusikia kompresa inayotaka kufa kutoka barabara ya pili, akaenda kubisha mlango wa watu kuwapa pole kabla barafu haijayeyuka. Gesi inayovuja alikuwa anaisikia kama wengine wanavyosikia mtoto akilia. Leo anaambiwa na karatasi yenye mistari mitano kwamba hasikii. Alirudi nyumbani kila mara akiwa mkali kama bisibisi, akaikunja karatasi, akaikunjua, akaiimbia mafriji mabovu, akakosea palepale. Mara ya kwanza alikosea kwa hasira, mara nyingine kwa uangalifu mkubwa, na kosa lilikuwa lilelile.

Ndipo mwalimu akamhurumia, akamwazima uma.

Fundi aliugonga siku kutwa. Aliugonga gotini, kwenye kisigino, kwenye kiwiko, na kila ukilia, friji nyuma yake likalia sauti nyingine. Tofauti ilikuwa ndogo, ila ilimkaa kama kokoto ndani ya kiatu. Akafikiri kifundi. Vitu viwili vikipishana, kimoja ni kibovu. Friji liko mahali pamoja miaka yote, halijawahi kuteleza. Uma umetembea mkobani, umeangushwa, umegongwa kwenye magoti ya nani na nani. Kibovu ni uma. Akaubana kwenye jiliwa la mezani kwake, akachukua tupa nyembamba, akaupunguza chuma pale chini meno yanapoachana. Akawa anagonga na kusikiliza, anapunguza na kugonga, mpaka uma na friji vikasema neno moja.

Alifurahi sana. Tangu mwalimu aje alikuwa hajafurahi hivyo. Aliimba karatasi nzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kuteleza. Furaha ikadumu mpaka mkewe alipotaka kuupiga uma msasa wa majivu ung'ae kabla haujarudi kwa mwenyewe, akakuta jeraha jeupe kwenye shina lake.

"Sasa mwalimu akija?" mke aliuliza ukuta. "Akiugonga?"

"Utalia."

"Utalia nini? Utalia friji."

"Friji ndilo liko sawa."

"Baba watoto, kinanda kinasema hivi, mwalimu anasema hivi, bendi nzima imeshahamia huko, hata kinyozi. Wewe na friji mmebaki wawili. Na lile halina hata mwenyewe."

Msusi akatoa kitana mdomoni. "Haya, nimeshanyamaza vya kutosha. Sasa namtetea shemeji yangu. Mwalimu anakuja na kinanda?"

"Haji nacho," fundi akasema. "Kinanda kinabebwa na watu wawili."

"Basi atatumia nini kukupa hiyo do yenu? Atatumia huu uma. Ataugonga, utasema friji, na wewe utaimba friji, mtalingana kama mapacha. Atafungua mkoba, atautia, atakupa mkono. Wewe kaa kimya tu. Jeraha lipake masizi kidogo."

Fundi akautazama uma. Friji likanguruma.

Fundi hakuwa amelifikiria hilo, na aliona aibu kwamba limemkalia vizuri mara moja. Lilikuwa rahisi hivyo. Asingedanganya hata neno. Angeimba tu, na gitaa lingebaki begani mwake, na kinyozi angerudi kwenye mashine zake za kunyolea.

"Jaribuni tuone," msusi akasema, akauokota uma, akaugonga kwenye kichwa cha dada yake.

"Wewe."

"Si ndicho kigumu kilicho karibu. Imba, shemeji."

Fundi akaimba. Do, mi, re, fa, mi, so, akapanda, akashuka, akarudi do kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Ilikuwa sawa kabisa. Msusi akapiga makofi kwa mapaja, maana mikono ilikuwa imejaa nywele.

"Hiyo siyo kuimba," mke akasema. "Hiyo ni kuzoea. Karatasi hiyo imeimbwa humu ndani mpaka barafu zangu zinaijua. Hata mimi naiimba." Na kwa hasira, uso ukutani, akaiimba. Alianzia alipopapata, juu juu huko, mbali na friji, mbali na uma, mbali na kila kitu. "Do, mi, re, fa..."

"Fa imezidi," fundi akadakia. "Ishushe. Faaa. Halafu mi iko hapa, halafu so."

Akazishika noti zake moja moja, akazipanga, akamalizia mstari. Msusi aliacha kusuka.

"Shemeji, umeanzia wapi?"

"Alipoanzia yeye. Si ndiye aliyekosea?"

"Lakini yeye hakuanzia kwenye friji."

Fundi akatulia. Akatazama mikono yake. Mmoja ulikuwa umeshika kitambaa, wa pili umening'inia tu bila kazi. Hakuna kidole kilichobonyeza kitu.

"Rudia," akamwambia mkewe. "Anzia hapohapo."

"Sijui nilianzia wapi. Nilikuwa nagombana."

"Anzia popote."

Mke akaanza popote. Fundi akasimama wima, akavuta pumzi, akafuata kwa makini, akifikiria kila noti, akifikiria do haina kwao, meza karibu na kiti, kitanda karibu na ukuta. Alipofika fa akasikia mwenyewe sauti yake ikiteremka kwenda karakanani kama ng'ombe anayejua zizi. Akajaribu tena, akateremka tena. Mara ya tatu alikalia mikono. Sauti haikutoka.

"Ilikuwepo," akasema. "Sasa hivi tu ilikuwepo." Akapiga teke gunia, na kompresa iliyokuwa chini yake ikamrudishia teke. Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akijishika kidole cha mguu. "Miaka yote hii nimepiga. Watu wameolewa kwa mkono huu. Leo naweza kuimba nikigombana tu? Nitamwambia nini mwalimu, kila wimbo tuanze kwa matusi?"

"Mimi niko tayari," mke akasema.

"Basi mpango uko palepale," msusi akasema, vidole vimerudi kazini. "Uma ulie, uimbe, yaishe. Wala hatakushuku hata kidogo, usiogope. Akiugonga kesho kule anakofundisha na kinanda kikamkatalia, unadhani atafikiria tupa? Nani duniani anatia tupa kitu kama hiki? Atajishuku mwenyewe. Atasema masikio yake yamezeeka. Hawa watu wa muziki ndivyo wanavyoisha, nasikia. Siku moja anaona hasikii sawa, anafunga mkoba wake, anakaa nyumbani."

Alilisema kwa kumliwaza. Lakini fundi aliacha kujisugua kidole.

Aliijua hali hiyo. Aliijua mpaka harufu yake: kusimama mbele ya watu, una uhakika na unachosikia, halafu chuma kikuambie wewe ndiye mbovu. Kurudi nyumbani ukijigonga upande wa kichwa. Kutegea sikio kitasa, bomba, kelele za kikaango, uone kama navyo vimeanza kukudanganya. Akamwona mwalimu yule mfupi amekaa chumbani peke yake, anaugonga uma, anausogeza sikio la kulia, anauhamishia la kushoto.

"Nitamwambia," akasema.

"Utamwambia nini?" msusi akashtuka.

"Kwamba nimeuharibu."

Hapo mke akageuka kweli, nywele zikamtoka mdogo wake mkononi, zikafumuka zile zilizokuwa tayari. "Mwambie. Ndicho ninachosema tangu asubuhi. Lakini imba kwanza."

"Nikiimba kwa uma huu sijaimba."

"Utakuwa umeimba. Masikio yake yatakuwa yamesikia. Akishasema umepita, ndipo unasema, mwalimu, samahani, kuna kitu."

"Mama watoto, wewe si ndiye uliyesema kitu cha mtu kinarudishwa kama kilivyokuja?"

"Nilisema kinarudishwa. Sikusema kinarudishwa kabla hujaimba."

"Halafu kinyozi?" msusi akauliza. "Ukimwambia mapema atauvuta mkoba aondoke, na wewe hutaimba kabisa. Kinyozi ameshanunua nyuzi mpya, anazionyesha wateja."

"Na azinunue."

"Usiseme na azinunue kama vile hutalia," mke akasema. "Mimi ndiye ninayelala na wewe nyumba moja. Gitaa likikaa ukutani utaninunia mimi, utalinunia friji, utawanunia wateja, mkono wangu huu utaupigia nyimbo za msiba. Imba kwanza, nakuomba, na mimi nitakuwa pembeni yako, na huyu atakuwa hapa, na tukishamaliza tutamwambia sote kwa pamoja kwamba..."

Mlango wa karakana ukasukumwa, ukakwama kwenye friji lisilo na mpini, ukasukumwa tena.

"Nimepiga hodi mpaka nimechoka," mwalimu akasema, akiupitisha mkoba kwanza na yeye akifuata. "Friji lenu linaitikia peke yake. Shikamooni nyote, au za mchana, sijui nani mkubwa humu."

Mke wa fundi alibaki mdomo wazi kwenye neno lilelile, nusu ya kichwa imesimama. Msusi akarudisha kitana mdomoni.

"Naona mlikuwa mnazungumza," mwalimu akasema. Alitazama ndoo, magunia, akatafuta pa kuweka mkoba wake. "Malizeni tu, nina nafasi."

Fundi aliinuka juu ya ndoo, akauokota uma, akayabana meno yake yote mawili kiganjani ili usiweze kulia.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujakaa."